Chanjo mpya ya TB haiji kuongeza kinga, na tukiisubiri hivo tutaumia

Tangu majaribio makubwa ya chanjo ya M72, hiyo mpya ya TB (kifua kikuu), yamalize kuandikisha watu mwaka 2025, watu kama 20,000 hivi kwenye nchi tano, yaani Afrika Kusini, Zambia, Malawi, Indonesia na sisi Kenya, maneno yamekuwa mengi huku kwetu Mombasa. Kila baraza la kahawa lina daktari wake. Mmoja atakwambia TB ishakwisha, ni kungoja sindano tu. Mwengine atakwambia hiyo chanjo yenyewe ni nusu nusu, haina maana. Na wa tatu, ambae ndie anaesikilizwa zaidi, atakwambia mambo yote ni kinga, mwili ukiwa na kinga ya kutosha TB haikugusi, kwa hivo chanjo ni ya kuongeza kinga na kama huwezi kungoja basi kuna chupa za dawa ya kinga zauzwa pale sokoni Kongowea zafanya kazi hiyohiyo. Hawa watatu wanagombana kila siku lakini wote wameanzia mahali pamoja, na hapo ndipo penye kosa. Wanaichukulia kinga dhidi ya TB kama maji ya tangi, yakipungua unaumwa, ukijaza unapona. Utafiti wa miaka ishirini na kitu sasa unasema sivyo. TB ni ugonjwa wa kinga iliyokosa mizani, na chanjo inayojaribiwa haiji kujaza tangi la mtu, inakuja hasa kuwazuia wasiugue watu ambao bakteria washawaingia tayari. Na kama ni hao, basi kuna vidonge vya kuwasaidia vipo leo na tunaviacha vikae.

Turudi nyuma kidogo manake bila ya kumjua huyu bakteria hatutaelewana. Robert Koch alitangaza kule Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amempata anaeleta kifua kikuu, ndio sababu siku ya TB duniani ikawa hiyo. Ni kiumbe mvivu ajabu. Bakteria wengine wa tumboni wakipata nafasi nzuri wanagawanyika kila dakika 20, huyu anachukua masaa 20 hivi kugawanyika mara moja, alafu amejizungushia ukuta wenye mafuta mazito ambao dawa nyingi hazipenyi. Ukivuta hewa aliyokohoa mgonjwa, anashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, na hapo anakutana na makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuviyeyusha. Makrofaji inammeza kama kawaida, na shida ni kwamba yeye kumezwa ndio anakotaka. Akishaingia ndani anazuia kile kifuko alichomo kisiungane na kifuko chenye asidi ya kumyeyusha, alafu ana mtambo wake wa protini unaitwa ESX-1 ambao anautumia kutoboa na kutoka. Mwili ukiona umeshindwa kumuua unamzungushia seli juu ya seli mpaka kinafanyika kivimbe kidogo, granuloma, na mara nyingi mambo yanaishia hapo, mtu anaishi miaka 80 na hajui kama alikutana nae. Shirika la Afya Duniani linakadiria robo ya watu duniani washaambukizwa, na kati ya hao ni asilimia 5 mpaka 10 tu watakaougua maishani mwao, wengi ndani ya ile miaka miwili ya mwanzo. Kuna wataalamu, Marcel Behr na Lalita Ramakrishnan na mwenzao Paul Edelstein, mwaka 2019 waliandika kuwa hata hiyo robo tunaitafsiri vibaya, kwamba wengi ambao kipimo cha damu au ngozi chasema washaambukizwa hawana tena bakteria alie hai, kipimo chasoma kumbukumbu ya kinga tu. Bado wanabishana lakini mie hoja yao nnaiona ina uzito.

Sasa swali la kinga lenyewe. Wa chupa akisikia hapa atasema si ndio nlivosema, kinga ikishuka TB inapanda. Na ni kweli nusu. HIV ikila zile seli za CD4, ambazo ndizo zinazoongoza kinga, TB inaruka juu, hilo halina ubishi na sisi Afrika tumeliona kwa macho yetu. Mwaka 2001 ikaonekana tena, watu wa baridi yabisi waliokuwa wakipewa dawa ya infliximab, inayozima protini moja ya kinga iitwayo TNF, wakaanza kupata TB. Kwa hivo bila ya kinga hakuna granuloma. Lakini angalia upande wa pili ambao hausemwi barazani. Mgonjwa wa TB ambae kinga yake imechoka sana kwa HIV, eksirei yake mara nyingi haina yale mashimo makubwa kwenye mapafu, na makohozi yake yana bakteria wachache, kwa wastani haambukizi wenzake sana. Anaetoboka mapafu ni yule mwenye kinga nzima. Yale mashimo hayachimbwi na bakteria, yanachimbwa na vimeng'enya vya mwili wenyewe, kinga imekasirika mpaka inabomoa nyumba, na shimo likishaungana na njia ya hewa basi kila kikohozi kinatoka na mamilioni. Yaani bakteria anahitaji kinga yako ifanye kazi ndio apate njia ya kwenda kwa jirani. Mwaka 2010 watafiti wakalinganisha jeni za bakteria wa TB kutoka pembe mbalimbali za dunia, wakakuta zile sehemu ambazo seli zetu za kinga zinamtambulia ndizo zilizobadilika kidogo kuliko zote. Vairasi ya homa ya mafua inabadilisha sura kila msimu ili isitambulike, huyu wa TB hajisumbui. Tafsiri ya wengi ni kuwa kutambulika kwamfaa.

Kuna na ushahidi wa wodini. Mtu mwenye HIV na TB anaanzishwa ARV, kinga inaanza kurudi, na badala ya kupona wiki za mwanzo anazidiwa, homa, tezi zinavimba shingoni, ndugu zake wanasema dawa zinamuua. Ni kinga inayorudi kwa hasira. Kuna dawa mpya za saratani zinazofungua breki ya seli za kinga iitwayo PD-1, na washaripotiwa wagonjwa waliopewa hizo wakaibukiwa na TB, na panya waliotolewa hiyo breki kwenye maabara wakiambukizwa TB wanakufa upesi kuliko wenzao. Breki imetolewa, kinga imepanda, na hali imekuwa mbaya zaidi. Alafu kuna TB ya utando wa ubongo, ambayo ndio mbaya kuliko zote, mwaka 2004 kule Vietnam wagonjwa 545 waligawanywa, wengine wakaongezewa dexamethasone ambayo kazi yake ni kuituliza kinga, na waliotulizwa kinga wakafa wachache. Ukitaka kuona jambo lilivo gumu, mwaka 2023 yakatoka majibu ya kuwajaribu wenye HIV kwa dawa hiyohiyo na haikuonyesha faida. Kwa hivo sio juu wala sio chini, ni mizani, na mizani ya mtu mmoja sio ya mwengine. Chupa ya kuongeza kinga ingekuwa kweli inaongeza kinga, ningeogopa kumpa mgonjwa wa TB. Bahati nzuri nyingi ni tangawizi na asali.

Ndio tuingie kwenye chanjo. Kile kialama ulicho nacho mkono wa kushoto ni BCG, ilitumika mara ya kwanza kwa binadamu Ufaransa mwaka 1921, Albert Calmette na Camille Guérin waliichukua bakteria ya TB ya ng'ombe wakaiotesha tena na tena maabara kwa miaka 13 mpaka ikapoteza makali, na baadae sana ndio ikaja kujulikana kuwa moja ya vitu ilivopoteza ni ule mtambo wa ESX-1. Inawakinga watoto wadogo na TB mbaya ya ubongo na ile inayotapakaa mwili mzima, kwa hivo mama asije akaacha kumpeleka mtoto kwa sababu ya makala hii. Lakini TB ya mapafu ya mtu mzima, ambayo ndio inayosambaa, BCG haiizuii vya kutegemewa. Wengine wakafikiri basi tuirudie ukubwani, tujaze tangi. Jaribio dogo la Afrika Kusini lilotoka 2018 likaleta matumaini, likafuatwa na kubwa zaidi na hilo halikuonyesha kinga ya maambukizi. Kabla ya hapo 2013 chanjo ya MVA85A iliyopewa watoto wachanga Afrika Kusini iliamsha seli za kinga vizuri tu kwenye damu na haikuzuia TB. Hapo wataalamu wengi ndipo walipotia akilini kuwa kupima wingi wa kinga kwenye damu hakukwambii kama mtu amelindwa.

M72 ilikuja kwa mlango mwengine. Jaribio lake la kwanza la maana lilifanywa Kenya, Afrika Kusini na Zambia, watu wazima wasio na HIV, na wote kipimo cha damu kilionyesha washakutana na bakteria. Sindano mbili, mwezi mmoja kati. Baada ya kama miaka mitatu, waliopata chanjo waliougua TB walikuwa 13, na waliopata sindano isiyo na dawa walikuwa 26. Hiyo ndio asilimia 50 inayozungumzwa, 13 kwa 26, jumla watu 39. Ukweli wenyewe wa kitakwimu ungeweza kuwa popote kuanzia asilimia 2 mpaka 74, ndio sababu limefanywa jaribio la watu 20,000 wa miaka 15 mpaka 44. Kwa hivo anaesema TB ishakwisha amekimbilia, na anaesema nusu haina maana nae ajue kwenye ugonjwa ulioua watu milioni 1.23 mwaka 2024 chanjo mpya ya kuwapunguzia watu wazima TB kwa nusu haijawahi kupatikana tangu BCG ya 1921. Mie nnaiunga mkono hii chanjo. Nnachogomba ni kuisubiri kana kwamba hatuna kitu mkononi.

Sasa niwape haki yao wenye hoja ya chakula manake hao sio wa chupa na hawafai kuchanganywa nao. Kule Jharkhand, India, wagonjwa wa TB na watu wa nyumbani kwao wakagawanywa makundi, baadhi ya familia kila mtu mzima wa nyumbani kapewa mchele kilo 5 na nafaka za kunde kilo moja na nusu kwa mwezi pamoja na vidonge vya vitamini, wengine hawakupewa cha nyumbani. Majibu yakatoka 2023, familia zilizolishwa TB mpya ilipungua kwa karibu asilimia 40. Ukitazama hiyo namba haiko mbali na ya M72, na ni mchele na kunde. Hapa lishe sio kujaza kinga kupita kiasi, ni kumtoa mtu kwenye njaa mpaka mwili wake uweze kuweka mizani. Mtu alieshiba tayari ukimzidishia vitamini sijaona ushahidi kuwa anakingika na TB, na wenye ugonjwa wa sukari TB yawapata kwa wingi. Anaekwambia mla vizuri hapati TB muulize mbona madaktari na manesi wanaipata.

Kuna na wanaosema kuwa chanjo kujaribiwa huku kwetu ni kutufanya panya wa maabara, na hoja hiyo ndio dhaifu kuliko zote kwa jinsi inavosemwa, ingawa ndani yake pana mfupa. Tiba ya miezi sita inayotumika dunia nzima leo ilianza kuthibitishwa hapahapa. Zamani ilikuwa miezi 18 na zaidi, na ni majaribio ya hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yaliyofanywa na Waingereza pamoja na watu wetu, majibu yakatoka 1972, ndio yaliyoonyesha kuwa rifampisini ikiingia kwenye mchanganyiko miezi sita yatosha. Chanjo ya TB itajaribiwa wapi, Norway? Bakteria wako huku, na chanjo ambayo haikujaribiwa kwa watu wetu ndio ya kuogopa. Mfupa wenyewe uko kwengine, uko kwenye nani ataipata ikishafaulu, na hilo ntalifikia.

Upande wa dawa nako kuna kutoelewana kwa aina hiyohiyo. Watu wanaambiwa kuna dawa mpya, wanafikiri ni zenye nguvu zaidi. Tiba ya kawaida ni vidonge vya mchanganyiko wa dawa nne kwa miezi miwili, alafu mbili kwa miezi minne. Siku ya pili tu mkojo unakuwa rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini, kuna mwenye tuktuk hapa mtaani aliacha vidonge kwa hilo tu akidhani anakojoa damu na kliniki hakuna aliemwambia mapema. Wiki chache kikohozi kinakata, uzito unarudi, na hapo ndipo wengi wanaacha. Lakini bakteria waliobaki ni wale waliolala, hawagawanyiki, na dawa nyingi zinamuua bakteria akiwa kazini. Miezi minne ya mwisho ni ya hao. Kwa hivo mbio za utafiti ni za kuwapata waliolala upesi zaidi. Rifapentine na moksifloksasini zimeweza kushusha TB ya kawaida mpaka miezi minne, ilionyeshwa 2021 na Kenya ilikuwemo kwenye jaribio. Kwa TB sugu ndio mabadiliko makubwa, ilikuwa mwaka na nusu mpaka miwili na sindano zilizowaacha watu viziwi, sasa tangu 2022 Shirika la Afya Duniani lapendekeza miezi sita ya vidonge vya bedaquiline na wenzake. Bedaquiline inakata mtambo wa nguvu wa bakteria ambao hata aliyelala anauhitaji, ndio uzuri wake. Iliidhinishwa Marekani mwisho wa 2012 na usugu dhidi yake ushaanza kuonekana nchi kadhaa, miaka kumi na kitu tu. Tukiichezea tutakuwa tumechoma daraja na hatuna jengine.

Haya, kama M72 ni ya waliokwisha kuambukizwa na hawajaugua, hao watu ni kina nani Mombasa? Ni wanaolala chumba kimoja na mgonjwa Kisauni, Likoni, Majengo. Ni waliotoka rumande. Ni vijana wa baze wanaokaa kibanda kimefungwa wakitafuna muguka mpaka usiku. Kwa watu haohao kuna vidonge vya kuzuia, rifapentine na isoniazidi, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, basi. Isoniazidi peke yake, tena dawa ya 1952, kwa watu wasio na HIV ilipunguza TB kwa karibu asilimia 60 kwenye majaribio. Imeizidi ile nusu ya M72 na haina haja ya kungojewa. Mgonjwa mmoja akigunduliwa, nyumba nzima yafaa ifuatwe ndani ya wiki, ipimwe, alie mzima apewe. Kwa macho yangu mara nyingi anaefuatwa ni mtoto wa chini ya miaka mitano, baba mtu ambae ndie anaekwenda bandarini na matatu iliyofungwa vioo haulizwi. Na kuuliza nani anakohoa hakutoshi, tafiti za nyumba kwa nyumba za Afrika na Asia zimekuta nusu au zaidi ya wenye TB hawasemi kuwa wanakohoa, inabidi eksirei na kipimo cha GeneXpert, mashine inayosaka jeni za bakteria kwenye makohozi. Katriji moja ya kipimo hicho, ya kumpimia mtu mmoja, ilishushwa bei 2023 kutoka karibu dola 10 mpaka chini kidogo ya 8. Pesa za Marekani ziliposimamishwa Januari 2025 ndipo tukajua ngapi ya hizi kazi zilikuwa zikibebwa na watu wa mbali, na kaunti haiwezi kuendelea kusema afya ya TB ni ya wafadhili.

Na ule mfupa. Ndani ya M72 kuna kiungo kiitwacho AS01 cha kuamsha kinga, cha kampuni ya GSK, ambacho sehemu yake inatokana na gome la mti wa Chile. Kiungo hichohicho kimo kwenye chanjo ya kwanza ya malaria, ambayo Kilifi hapa jirani ilishiriki kwenye jaribio lake kubwa lililoanza 2009, ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani 2021, na ilipofika kugawa dozi za 2023 mpaka 2025 zilikuwa milioni 18 kwa nchi 12, haikukaribia kutosha. Hiyo ni ya watoto, na watoto wana kliniki, wana kadi, mama anajua tarehe. M72 ni ya mtu wa miaka 15 mpaka 44. Huyo hana kliniki. Kuli, fundi, dereva wa bodaboda hafiki hospitali mpaka abebwe. Atachomwa wapi, msikitini baada ya Ijumaa, stendi, kazini? Na atapimwa damu kwanza kama ameambukizwa, kipimo kinachotaka maabara na siku ya kurudi, au atachomwa tu bila ya kupimwa? Watafiti hilo la pili bado wanalitafutia jibu, waliweka kikundi kidogo cha wasioambukizwa kwenye jaribio kwa sababu hiyo. Lakini la kwanza ni letu, na linaweza kuanza kujibiwa sasa kwa kuwapelekea vidonge vya wiki 12 hukohuko walipo, manake njia itakayowafikia na vidonge ndio itakayowafikia na sindano.